Shaka Ni ya Nani?

Chukua mizani. Upande mmoja weka ushahidi wa anayedai, upande wa pili weka ushahidi unaompinga. Kwa kawaida upande mmoja utashuka, na kazi ya mwamuzi itakuwa kusema ni upi. Lakini kuna siku mizani inasimama sawa. Mwamuzi afanye nini? Hawezi kusema "sijui" akafunga faili, kwa sababu kutoamua nako ni kuamua: aliyekuja kudai ataondoka mikono mitupu.

Sheria za nchi nyingi zimelijibu swali hili zamani. Katika kesi ya jinai, shaka ni mali ya mshtakiwa. Katika kesi ya madai, mwenye kudai ndiye mwenye kuthibitisha, na mizani ikisimama sawa, ameshindwa. Jibu hili la pili tumelelewa nalo hata kabla ya kujua mahakama ni nini. Shuleni ukisema mwenzako amekuibia kalamu, mwalimu alikuuliza, "Una shahidi?" Huna shahidi, rudi ukakae.

Ipo sehemu moja ya sheria ya Marekani inayojibu kinyume chake. Askari wa zamani anapodai fidia ya ulemavu alioupata jeshini, na ushahidi wa pande mbili ukakaribia kulingana, faida ya shaka ni yake. Halazimiki kuonyesha kwamba dai lake lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli. Inatosha uwezekano huo uwe angalau sawa na ule wa kutokuwa kweli. Mwaka 1990, katika kesi ya Gilbert dhidi ya Derwinski, mahakama inayosikiliza rufaa za askari wa zamani ilifananisha kanuni hii na besiboli ya watoto wa mtaani: mpira na mkimbiaji wakifika pamoja, mkimbiaji amesalimika.

Nimeifikiria kanuni hii kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Swali linalonisumbua si kama ni nzuri. Ni kama ni huruma au ni deni. Huruma mtu anaweza kuipunguza siku akichoka. Deni halipungui kwa sababu mdaiwa amechoka.

Kwanza tuone kinachobishaniwa. Ili alipwe, askari wa zamani anapaswa kuonyesha mambo matatu: kwamba ana maradhi au ulemavu sasa, kwamba kuna jambo lilimpata akiwa jeshini, na kwamba la kwanza limetokana na la pili. Maamuzi ya Bodi ya Rufaa za Askari wa Zamani huwekwa mtandaoni yakiwa yameondolewa majina, na mtu yeyote anaweza kuyasoma. Katika mengi niliyoyasoma, hakuna anayebisha kwamba mtu huyu anaumwa. Goti limekwisha, picha zinaonyesha. Hakuna anayebisha kwamba aliruka kwa parachuti miaka mingi iliyopita. Kinachobishaniwa ni kamba inayounganisha kuruka kule na goti hili. Kati ya mambo hayo mawili kuna miaka 30 ya kupanda ngazi, kubeba watoto, kunenepa, kuzeeka. Daktari mmoja anasema goti limeharibiwa na jeshi. Mwingine anasema limeharibiwa na umri. Goti lenyewe halina tarehe.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Bodi inauliza swali gumu zaidi: kovu hilo ulilipatia wapi?

Njia ya kufika mbele ya Bodi ni ndefu. Uamuzi wa kwanza hutolewa na ofisi ya Idara ya Masuala ya Askari wa Zamani. Asiyeridhika kwa kawaida ana mwaka mmoja wa kuchagua njia, na tangu Februari 2019 njia ni tatu. Anaweza kuomba afisa wa ngazi ya juu aupitie upya uamuzi kwa ushahidi uleule. Anaweza kuleta ushahidi mpya. Au anaweza kwenda kwenye Bodi, ambako jaji husoma faili kwa macho mapya, na huko achague kama ataongeza karatasi, atasikilizwa, au atasubiri tu uamuzi. Akishindwa kwenye Bodi ana siku 120 za kwenda mahakamani.

Mlango huo wa mahakama ni wa juzi tu. Bodi ipo tangu 1933, lakini hadi mwaka 1988 maamuzi ya fidia hizi kwa kawaida hayakuweza kupelekwa mbele ya jaji wa mahakama yoyote. Wakili naye hakuruhusiwa kumtoza askari zaidi ya dola 10 kwa kushughulikia dai lake, kiwango kilichowekwa wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, katika karne ya 19. Hoja ilikuwa kwamba mfumo huu si uwanja wa mapambano. Serikali ni mlezi, askari ni mtoto wake, na mtoto hahitaji wakili wa kuzungumza na mzazi. Inasikika vizuri. Lakini mlezi huyohuyo ndiye anayelipa, ndiye anayemtafuta daktari wa kukupima, na ndiye anayetunza karatasi zako.

Hizo karatasi ndizo zilizonifanya nione kwamba swali la shaka si la kifalsafa tu.

Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka kwenye ghorofa ya juu kabisa ya jengo la kumbukumbu za wanajeshi karibu na mji wa St. Louis, jimbo la Missouri. Uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18. Nakala hazikuwepo. Kwa watu walioacha Jeshi la Nchi Kavu kati ya mwaka 1912 na 1960, takriban asilimia 80 ya mafaili yalipotea. Kwa Jeshi la Anga, waliopoteza ni walioacha kazi kati ya 1947 na 1964, na hapo moto ulifuata mpangilio wa makabati: yaliyoathirika ni majina yanayokuja baada ya Hubbard, na asilimia 75 ya mafaili hayo yaliungua.

Fikiria vijana wawili walioacha Jeshi la Anga mwaka 1955. Walifanya kazi kwenye karakana moja, kando ya injini zilezile, na wote wawili wakaondoka na mlio masikioni usiokatika. Jina la ukoo la mmoja linaanza na A, la mwingine na W. Miaka 40 baadaye wote wanaomba fidia. Wa kwanza faili lake lipo, na ndani yake kuna mstari mmoja ulioandikwa na mganga wa kambini: amelalamika masikio. Wa pili huenda faili lake ni majivu. Wamesikia kelele ileile na wanasema ukweli uleule. Tofauti yao ni herufi.

Hapa ndipo kanuni ya mwalimu wa shule inapovunjika. "Una shahidi?" Alikuwepo shahidi, mwalimu, lakini alikuwa kwenye kabati lako, na kabati lako limeungua. Ukisema aliyekosa ushahidi ashindwe, umemtwika mtu huyu gharama ya moto ambao hakuuwasha, katika jengo ambalo hakulijenga, uliounguza karatasi ambazo hakuruhusiwa kuzitunza yeye. Mahakama zimeliona hilo kwa kiasi. Zimesema pale faili lilipopotea mikononi mwa serikali, wajibu wa kumsaidia askari kutafuta ushahidi mwingine, na wa kumweleza kwa makini sababu za uamuzi, unakuwa mzito zaidi. Lakini moto peke yake haumpi mtu ushindi. Bado anatakiwa kuifikisha mizani kwenye usawa.

Tena kuna karatasi ambazo hazikuungua kwa sababu hazikuwahi kuandikwa. Askari kijana anayekwenda zahanati kila anapoumia anaitwa mvivu. Kwa hiyo anafunga bandeji, anameza kidonge, anaendelea. Sheria inalijua hilo kidogo. Kwa waliopigana vitani, maelezo yao wenyewe kuhusu kilichowapata yanaweza kukubaliwa hata bila rekodi, ikiwa yanaendana na mazingira ya utumishi wao, kwa sababu katikati ya risasi hakuna anayejaza fomu. Na kwa wote, ushahidi wa watu wasio madaktari unahesabiwa: wenzake kikosini, mke, mzazi. Mwaka 2006 mahakama ilisema, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Nicholson, kwamba ushahidi wa aina hiyo hauwezi kutupwa kwa sababu tu hakuna rekodi ya hospitali ya wakati ule inayouunga mkono.

Jambo hili halituhusu kwa mbali kama linavyoonekana. Kuanzia mwaka 2009 jeshi la Marekani lilikuwa na programu iitwayo MAVNI, iliyowaandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha fulani, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha hizo. Wengine wetu wamejiunga kwa njia ya kawaida wakiwa na kadi ya ukaazi. Kwa hiyo katika mafaili haya yasiyo na majina, baadhi ya mama ambao barua zao zinapimwa wanaweza kuwa Eldoret au Moshi. Mama anaandika kwamba mwanawe alipokuja likizo ya kwanza alikuwa akilala kama mtoto, na alipokuja ya pili alikuwa akikaa barazani hadi alfajiri akitazama lango. Mama si daktari na hajui jina la ugonjwa, lakini kuhusu kilichobadilika anajua zaidi ya daktari aliyekaa na kijana huyo kwa saa moja. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na anayelala chumba cha pili husikia kitu.

Rafiki yangu mmoja, mhasibu Nairobi, hakubaliani nami hata kidogo. Nilipomweleza kanuni hii alicheka. "Ndugu yangu," aliniambia, "sare si ushindi. Timu ikitoka sare haipewi pointi tatu kwa sababu imechoka." Kisha akaacha kucheka na kuniwekea hoja mbili ambazo siwezi kuzipuuza. Ya kwanza: ukiwapa wote ambao mizani yao imesimama sawa, basi kwa hesabu ya kawaida, katika kila wawili unaowalipa mmoja hakustahili, na pesa hizo zimetoka mfukoni mwa mtu. Ya pili: fundi aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi naye mgongo umevunjika, naye mizani yake inaweza kusimama sawa, na hakuna anayempa faida ya shaka. Kwa nini maumivu yaliyovaa sare yawe ghali kuliko maumivu yaliyovaa ovaroli?

Hoja ya kwanza naikubali kama hesabu, lakini haijamaliza hesabu. Ukiwanyima wote, basi katika kila wawili unaowanyima mmoja alistahili. Makosa ni mengi kwa namna zote mbili, na kanuni inachagua tu nani abebe kosa. Serikali ikimlipa asiyestahili, hasara inagawanywa kwa mamilioni ya walipa kodi, na kila mmoja anapoteza asichokiona. Ikimnyima anayestahili, hasara yote inaangukia kwenye goti moja na nyumba moja. Ukijua lazima ukosee, kosea kwa namna ambayo bega linaloubeba mzigo linauweza.

Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu linaweza kutumika kwa kila anayedai chochote serikalini. Jibu langu hasa ni jingine. Shaka haianguki kutoka mbinguni. Shaka hutengenezwa, na mara nyingi inawezekana kumtaja aliyeitengeneza. Nani alimtuma kijana kwenye karakana yenye kelele bila kinga ya masikio? Nani alitunza faili kwenye jengo bila nakala? Nani alijenga utamaduni wa kambini unaomcheka anayekwenda zahanati? Nani alinyunyizia misitu ya Vietnam dawa ya kuua majani, Agent Orange, bila kuandika ni nani aliyeivuta na kwa kiasi gani?

Katika hili la mwisho Bunge la Marekani lilikubali kwa maneno yake lenyewe. Sheria ya mwaka 1991 iliweka msingi wa kusema kwamba aliyetumikia Vietnam katika kipindi kilichotajwa, akapata maradhi yaliyo kwenye orodha, atachukuliwa kuwa ameyapata huko. Hatakiwi kuleta daktari wa kuunganisha kamba. Mabaharia waliokaa kwenye meli nje kidogo ya pwani ilibidi wasubiri hadi 2019 sheria iwataje. Mwaka 2022 sheria nyingine, iitwayo PACT, ilifanya vivyo hivyo kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka Iraq na Afghanistan. Maana ya sheria hizi, ukiziondolea lugha ya kisheria, ni hii: shaka hii tumeitengeneza sisi, kwa hiyo ni yetu.

Na hapo ndipo hoja ya pili ya rafiki yangu inapopata jibu ambalo halimfurahishi yeye wala mimi. Kama faida ya shaka ni zawadi ya kuwaenzi mashujaa, basi fundi hana haki nayo. Lakini kama ni deni la aliyeitengeneza shaka, basi fundi anayo haki ileile pale mwajiri wake alipomnyima mkanda wa usalama na kutoandika ajali. Sijaona njia ya kuitetea kanuni hii kwa askari bila kuifungulia mlango kwa fundi. Nimeacha kuitafuta. Labda kasoro haiko kwa askari anayepewa. Iko kwa wengine tunaowanyima.

Kuna tatizo jingine ambalo hakuliuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kanuni inasema mizani ikisimama sawa, mpe askari. Nani anasema mizani imesimama sawa?

Tarehe 5 Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Bufkin dhidi ya Collins. Askari wawili wa zamani walisema kwamba sheria inaitaka mahakama ya rufaa zao iangalie yenyewe, kwa macho mapya, kama Bodi iliwapa faida ya shaka ipasavyo. Majaji saba dhidi ya wawili walikataa. Walisema kupima kama ushahidi umekaribia kulingana ni sehemu kubwa jambo la ukweli wa kesi, na mahakama ya juu haiingilii uamuzi wa namna hiyo isipokuwa kosa liwe la wazi. Kwa mtazamo wa kazi za mahakama, ni hoja inayoeleweka. Aliyelisoma faili lote ndiye apime, vinginevyo kila kesi itapimwa mara mbili.

Lakini tazama kinachobaki. Kanuni kubwa namna hii, ambayo inageuza desturi ya sheria juu chini, kwa sehemu kubwa inaishi ndani ya kichwa cha mtu mmoja aliyekaa mbele ya faili. Akiona shaka, askari analipwa. Asipoiona, hakuna cha kumpa. Hahitaji kuivunja kanuni. Inatosha aandike kwamba daktari aliyempima askari mara moja "ana uzito zaidi" kuliko yule aliyemtibu miaka sita, na papo hapo mizani imeinama, shaka imetoweka, kanuni haina kazi. Huenda yuko sahihi. Huenda amechoka, na faili lina kurasa elfu moja, na uhakika ni mwepesi kuuandika kuliko shaka. Sheria inaweza kukuambia ufanye nini na shaka uliyo nayo. Haiwezi kukulazimisha kuwa na shaka.

Kwa hiyo nadhani swali hili la fidia na rufaa, ambalo linaonekana kama kazi ya makarani, linatudai adili moja ambalo hatulisifu sana: uvumilivu wa kukaa na "sijui" bila kukimbilia jibu. Tumefundishwa kumheshimu mtu mwenye uhakika. Mwamuzi mwema wa kesi hizi ni yule anayeweza kusema kwa uaminifu kwamba madaktari wawili wamemshawishi sawasawa, kisha akakumbuka kwamba kutojua kwake kuna mwenyewe, na mwenyewe huyo si mtu aliyekaa upande wa pili wa meza na goti lake.

Rafiki yangu bado anasema sare si ushindi. Namkubalia. Sisemi askari ameshinda. Nasema kuna mechi ambazo aliyechora uwanja, akateua refa na kupoteza daftari la magoli hapaswi kuwa yule yule anayefaidika na sare.